Tangi chafu chini ya Hiace kuukuu, na kwa nini filta mpya haimalizi ugonjwa

Dalili zake shofere yeyote wa Hiace, yale mabasi madogo ya abiria, hapa Bukavu anazijua. Asubuhi gari linawaka bila shida, linazunguka Nyawera, linapakia. Likianza kupanda Kadutu likiwa limejaa, katikati ya mlima nguvu inaisha, injini inakohoa mara mbili tatu, inazima. Konvoyeri, yaani utingo, anaruka chini na jiwe lake kuzuia tairi la nyuma. Abiria wengine wanateremka wakinung'unika. Baada ya dakika kumi shofere anapiga stata, na gari linawaka kana kwamba halikuwa na neno. Kesho yake mambo ni yaleyale, ila linazima mapema zaidi.

Kinachofuata kwa kawaida ni filta mpya. Gari linatulia siku chache, kisha linarudia. Filta nyingine. Halafu mmoja anashauri injekta zisafishwe, mwingine anasema pampu imechoka, na mwenye gari anaanza kutoa pesa za vitu vizito. Muda wote huo chanzo kinaning'inia chini ya sakafu, kimebanwa na kanda mbili za chuma, na hakuna aliyekigusa tangu gari liingie nchini: tangi la mafuta.

Nalieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu linafilisi watu. Basi dogo moja hapa mjini linalisha nyumba ya mwenye gari, ya shofere na ya konvoyeri, na pampu ya injeksheni, ile inayosukuma mafuta kwenye injini, ikifa, wengi hawainuki tena. Tena kuna usalama wa abiria. Breki za magari haya husaidiwa na nguvu ya kunyonya hewa inayotokana na injini. Injini ikizima mlimani, msaada huo unabaki wa kukanyaga mara moja au mbili tu, kisha pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Gari zima limebaki juu ya mguu wa shofere na jiwe la konvoyeri.

Uchafu unavyozunguka

Tuanze na gari la mazutu, yaani dizeli, maana Hiace nyingi kuukuu zinazopanda milima hii ni za mazutu, hasa za umbo la H100 lililoanza kutengenezwa mwaka 1989, zenye injini za Toyota ziitwazo 2L au 3L. Katika injini hizo hakuna pampu ya umeme ndani ya tangi. Pampu ya injeksheni, iliyofungwa kwenye injini, ndiyo inayovuta mafuta kutoka nyuma hadi mbele, yakipitia kwenye filta. Mazutu hayo yana kazi tatu: yanachomwa, yanalainisha vyuma vya ndani ya pampu, na yanaipoza. Ndiyo maana pampu inavuta mengi kuliko yanayochomwa, na yanayobaki yanarudishwa tangini kwa bomba la pili.

Hilo bomba la kurudisha ndilo watu wanalisahau. Kwa sababu yake, mazutu yaleyale yanapita kwenye filta tena na tena kwa siku moja, na kila mzunguko yanatikisa tope lililolala chini ya tangi na kulibeba mbele. Filta mpya inakuwa imewekwa kusafisha tangi zima peke yake. Haiwezi. Inajaa, unaitupa, unaweka nyingine, na tangi linaendelea kutengeneza kutu mpya.

Na kwa nini gari linawaka tena baada ya kupumzika? Mwisho wa mrija wa kunyonya, ndani ya tangi, kwa kawaida kuna kichungio kidogo cha wavu. Injini ikifanya kazi, uchafu unavutwa na kung'ang'ania kwenye wavu huo. Mlimani injini inataka mafuta mengi zaidi, mvuto unaongezeka, na tangi likiwa limeinama, mafuta kidogo yaliyobaki yote yanakimbilia upande mmoja pamoja na tope lake. Wavu unaziba, injini inazima. Mvuto ukikatika, uchafu unadondoka wenyewe chini, njia inafunguka. Gari halijapona.

Uchafu wenyewe una asili zaidi ya moja, na ni vizuri kuzitofautisha.

Wa kwanza ni maji. Mji huu uko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi kando ya ziwa Kivu, usiku ni baridi, mchana jua ni kali. Tangi lenye mafuta robo lina robo tatu za hewa, na hewa hiyo ina unyevu. Jioni, bati la tangi likipoa, unyevu unakuwa matone kwenye kuta za juu, unateremka, unapita ndani ya mafuta na kutulia chini kabisa, kwa sababu maji ni mazito kuliko mazutu na kuliko esansi (petroli). Kila usiku matone machache. Ongeza maji ya mvua yanayoingia kwenye bidoni za wauzaji wa mafuta wa kandokando ya barabara, wale kadafi, kuanzia Septemba hadi Mei mvua zinaponyesha. Kadafi mwaminifu atakuchujia kwa kitambaa, na kitambaa kitazuia mchanga. Maji yatapita.

Wa pili ni kutu, mtoto wa maji. Matangi ya zamani yalitengenezwa kwa bati la chuma lililopakwa ngozi nyembamba ya risasi na stani, stani ileile inayopatikana kwenye madini ya kasiterite ya Kivu yetu. Ngozi hiyo ikiisha, hasa pale chini ambapo maji yanalala, chuma kinabaki uchi. Kutu ikianza huko, kila tone jipya la maji linaendeleza kazi.

Wa tatu unashangaza wengi: ni viumbe hai. Pale mazutu yanapokutana na maji, kwenye mpaka wao, bakteria na kuvu huota na kula mazutu yenyewe. Kuvu anayejulikana zaidi kwa hilo anaitwa Hormoconis resinae. Wanaacha utelezi mweusi au wa kahawia, kama makamasi, unaoziba filta kuliko mchanga, na taka zao zina asidi inayokula chuma. Bila maji hawaoti. Kwa hiyo anayeondoa maji anaondoa vitatu kwa pamoja.

Kuhakikisha kwamba ni tangi kweli

Usishushe tangi kwa kukisia. Gari likizima mlimani, jambo la kwanza ni kufungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikiingia kwa nguvu, fyuuu, na gari likawaka papo hapo, huenda tangi halina kosa: njia ya hewa imeziba, mafuta yanapungua na hewa haiingii kujaza nafasi, hadi pampu inashindwa kuvuta. Kifuniko kipya au bomba la hewa lililozibuliwa linatosha. Nimeona matangi mazima yakishushwa kwa kosa la kifuniko, na inauma.

Kisha tazama hewa inayoingia njiani. Bomba la kuvuta la gari la mazutu likiwa na ufa mdogo, halivuji mafuta nje wakati injini inafanya kazi. Linanyonya hewa ndani. Fundi anatafuta unyevu wa mazutu chini ya gari, haoni kitu, na anasema mabomba ni mazima. Dalili ya hewa ni gari kusumbua kuwaka asubuhi baada ya kulala, na pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya filta kuwa laini unapoibonyeza, mpaka uibonyeze mara nyingi ndipo igumu.

Sasa filta ya zamani. Usiitupe! Ikate kwa msumeno wa chuma mbali na moto, ikunjue karatasi yake juu ya gazeti, uisome. Unga mwekundu wa kahawia ni kutu ya tangi. Utelezi mweusi ni wale viumbe. Nyuzinyuzi nyeupe zimetoka kwenye vitambaa vya kuchujia, na chembe ngumu za mchanga zimeingia mdomoni mwa tangi wakati wa kujaza. Ukiona vumbi la kijivu linalometa kwenye mafuta yanayorudi kutoka kwenye pampu, hapo kuna habari mbaya: pampu imeanza kujila.

Baada ya hapo chota mafuta ya chini kabisa. Matangi mengi ya zamani yana kizibo cha kumwagia. Gari likiwa limesimama usiku kucha, fungua kizibo hicho taratibu asubuhi kabla halijasogezwa, kinga nusu lita kwenye chupa ya kioo inayoangaza, uiweke mahali pa salama saa moja. Mazutu mazuri yanabaki safi kutoka juu hadi chini. Mabaya yanajipanga: mafuta juu, ukungu mweusi katikati, maji chini, na kutu chini ya maji. Mwenye gari aliyekuwa akibisha, ukimwonyesha chupa hiyo habishi tena.

Kipimo cha mwisho kwa gari la mazutu, na ndicho ninachokiamini kuliko vyote, ni bidoni. Chukua bidoni safi yenye mazutu safi, ifunge imara nje ya chumba cha abiria, toa bomba la kuvuta linalotoka tangini na uunganishe filta na bidoni kwa mpira mzima; bomba la kurudisha nalo liingie humohumo. Peleka gari mlimani bila abiria. Likipanda bila kukohoa, pampu yako ni nzima, injekta zako zina heri, na shida yote iko nyuma, tangini na kwenye mabomba yake. Pesa uliyookoa kwa kipimo hicho inatosha kazi yote iliyobaki. Kwa gari la esansi usithubutu kufanya hivyo.

Tangi tupu ndilo la kuogopa

Hapa nawaomba mafundi vijana wasome mara mbili. Watu wengi huamini kwamba tangi lililojaa ndilo bomu na tangi tupu ni bati tu. Kwa esansi ni kinyume. Esansi ya majimaji haiungui. Unaoungua ni mvuke wake, tena ukiwa umechanganyika na hewa kwa kiasi fulani, takriban asilimia 1.4 hadi 7.6 ya mchanganyiko. Tangi lililojaa lina mvuke kidogo na hewa kidogo. Tangi lililomwagwa lina mabaki ukutani na hewa tele, yaani lina kila kinachohitajika kulipuka isipokuwa cheche. Na esansi inatoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo baridi ya Bukavu haikulindi hata kidogo.

Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hautoki juu uende zake. Unatambaa chini, unaingia kwenye shimo la garaji, unafuata mtaro, na unaweza kufika hadi kwenye mbabula, jiko la makaa, ya mama anayechoma mahindi upande wa pili wa ukuta. Moto ukishika kule, unarudi kwa njia ileile. Kwa hiyo tangi la esansi halishushwi juu ya shimo. Linashushwa mahali palipo wazi, penye upepo, baada ya kuangalia pande zote ni nani ana moto. Waya hasi wa betri unatolewa kwanza kabisa, kabla ya spana yoyote. Taa ya kazi yenye balbu ya kioo iwe mbali, maana ikianguka na kupasuka inatosha kuwasha kila kitu. Tumia tochi ya LED inayovaliwa kichwani.

Mazutu ni mapole zaidi, hayatoi mvuke wa kuwaka mpaka yapate joto la nyuzi 55 hivi. Upole huo ndio umewaua watu wa kulehemu. Moto wa gesi au wa fito ya umeme unafikisha joto hilo mara moja, mabaki yaliyojificha kwenye mikunjo na ndani ya kutu yanageuka mvuke, na tangi linapasuka usoni pa fundi. Tangi lolote lililowahi kuwa na mafuta, la esansi au la mazutu, halilehemiwi wala kukatwa kwa moto kwa sababu tu limesuuzwa. Kuna watu wanaofanya kazi hiyo kwa njia sahihi, wakilijaza maji hadi karibu na mahali pa kulehemu na kuacha njia ya hewa wazi. Kama wako hafanyi hivyo, ondoka na tangi lako.

Na jambo lingine: usinyonye mafuta kwa mdomo. Najua kila garaji ina kijana anayejua kufanya hivyo kwa mpira. Esansi au mazutu yakiteleza kidogo tu kuingia kwenye mapafu yanaweza kuyaunguza, na watu wamekufa hivyo. Akimeza, asilazimishwe kutapika, kwa kuwa kutapika ndiko kunakoyapeleka mapafuni, apelekwe hospitali. Pampu ya mkono ya plastiki haina bei ya kutisha.

Kulishusha

Kazi yenyewe ni rahisi kuliko maandalizi yake. Tafuta mahali tambarare, jambo ambalo Bukavu linahitaji kutafutwa kweli, zuia tairi, na gari likiinuliwa lisiachwe juu ya jeki peke yake; liweke juu ya stendi za chuma au magogo manene. Jioni ya kutangulia pulizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye bolti za kanda. Bolti hizo zimekula matope ya barabara kwa miaka, na anayezivamia asubuhi zikiwa kavu anazikata.

Ondoa mafuta kadiri inavyowezekana. Lita 20 zilizobaki ndani ni kilo 17 hivi, tena zinazohama kutoka upande hadi upande wakati tangi liko mikononi, na hapo ndipo vidole vinapobanwa.

Kabla ya kufungua bomba lolote, osha sehemu ya juu ya tangi. Nalisisitiza hili kwa sababu ndilo linalorukwa zaidi. Juu ya tangi kunakaa tope kavu la kila msimu wa mvua, na ukifungua geji ya mafuta, kile kipimo kilichofungwa juu ya tangi, bila kuliondoa, linaanguka lote ndani, au linaingia kwenye mdomo wa bomba ulilolifungua. Brashi, maji, kitambaa, kisha ndipo spana.

Mipira ya juu haifikiki tangi likiwa mahali pake. Weka jeki chini yake na kipande cha ubao kati yao, legeza kanda, lishushe kama sentimita 15 tu, piga picha kwa simu ukiwa mbali kidogo na mvuke, kisha ingiza mkono. Tia alama kila mpira: wa kuvuta, wa kurudisha, wa hewa, wa kujazia. Mabomba ya kuvuta na ya kurudisha yanafanana, na ukiyabadilishana gari litawaka, litakwenda kidogo, na litakutesa wiki nzima. Pete inayobana geji huzungushwa kwa kipande cha mti mgumu au cha shaba nyeupe. Patasi ya chuma hutoa cheche.

Kusafisha au kuweka lingine

Tangi likiwa chini, litazame kwa macho ya mtu anayenunua. Gonga mshono wake, hasa ule wa pande zote katikati, na pale kanda zilipokuwa zimelala. Mpira unaokaa kati ya kanda na tangi ukiisha, chuma kinasuguana na chuma, maji yanajificha hapo, na bati linatoboka likionekana zima. Lijaze maji, liweke juu ya matofali makavu, urudi baada ya saa chache. Likitoka jasho popote, usipoteze muda kulisafisha.

Likiwa kavu na kutu yake ni ya juujuu, linasafishika. Maji ya moto na sabuni ya unga kwanza, mara nyingi, mpaka harufu iishe. Kisha ingiza mnyororo mwembamba, ulitikise tangi kila upande. Wengine hutumia kokoto, na mimi nawaomba waache: ndani ya tangi kuna kuta za kuzuia mafuta yasiruke huku na huku, na kokoto zinabaki nyuma yake. Mnyororo unaingia mzima na kutoka mzima. Kutu iliyobaki unaiachia asidi ya limau iliyoyeyushwa kwenye maji ya moto, au siki, kwa usiku mmoja au zaidi. Unamwaga, unasuuza kwa maji yenye soda ya kuokea ili kuua asidi, unasuuza tena, unakausha haraka. Nasema haraka kwa sababu chuma kilichotoka kwenye asidi kinashika kutu mpya ndani ya saa chache. Jua la Julai linafaa, upepo wa kompresa unafaa zaidi. Likikauka tu, mwagia mazutu safi lita moja na kulizungusha ili kuta zote zipate mafuta. Kama ni la esansi, zungushia esansi yenyewe kidogo, na hapo kumbuka kwamba limerudi kuwa na mvuke.

Rangi za kupaka ndani ya tangi sizipendi kwa magari ya kazi. Zinashika vizuri kwenye chuma kisafi kabisa, na ndani ya tangi lenye kuta zake huwezi kuhakikisha usafi huo. Zikibanduka, ni vipande vya plastiki vinavyokwenda moja kwa moja kwenye mrija wa kunyonya.

Ukiamua kuweka lingine, njia ni tatu. Jipya ni ghali na ni bora. La okazioni, lililotolewa kwenye gari lililokufa, linafaa ukilipima kwa maji vilevile na ukihakikisha linatoka kwenye gari la injini ya aina ileile: tangi la gari la esansi lenye pampu ya umeme ndani lina tundu tofauti juu yake, na geji ya gari jingine inaweza kukudanganya kwamba una nusu wakati umebakiza vikombe viwili. La tatu ni la kutengenezwa na fundi wa bati. Wapo wanaofanya kazi safi sana, ila waambie jambo moja: wasitumie bati lenye zinki, lile la kuezekea. Zinki inachokozana na asidi ndogondogo zilizomo kwenye mazutu na kutengeneza kitu kama sabuni kinachoganda kwenye filta na injekta. Bati jeusi la kawaida, likipakwa rangi kwa nje peke yake, ni afadhali. Na wakumbushe kuta za ndani, maana tangi lisilo na kuta linarusha mafuta yote nyuma kwenye kila mlima na kuacha mrija ukivuta hewa.

Kulirudisha, na mabomba

Watu wengi wanaotoa jasho kwa tangi huharibu kazi hapa. Tangi safi linafungwa kwenye mabomba machafu, tope lililokuwa njiani linasukumwa mbele, na baada ya siku mbili filta imeziba. Mwenye gari anaona ameibiwa.

Kabla ya kufunga, toa filta, chomoa bomba kwenye ncha zote mbili, na upulize hewa kutoka upande wa injini kuelekea nyuma, ukikinga ndoo. Uelekeo huo ni wa lazima, kwa kuwa uchafu uliokwama ulikwama ukielekea mbele. Usipulize kamwe bomba likiwa limeunganishwa na pampu. Bomba la kurudisha nalo lipulizwe. Ndani ya pampu ya injeksheni, nafasi kati ya chuma na chuma ni maikroni (sehemu ya elfu ya milimita) chache, na unywele wa mtu una unene wa maikroni 70 hivi. Chembe usiyoiona kwa jicho inatosha kuchora mstari ambao hautafutika.

Mipira ya zamani itupe yote. Weka iliyotengenezwa kwa ajili ya mafuta. Ule wa maji ya bustani unalainika ndani ya wiki chache, unapukutika, na unakuwa uchafu mpya. Kila mwisho uwe na kolie yake nzuri, yaani pete ya kubania mpira, siyo waya uliosokotwa kwa koleo. Geji ipate gasketi mpya, na usiibane kwa silikoni ya kawaida, kwa sababu esansi inaivimbisha na kuimega. Safisha waya wa arthi wa geji hadi chuma king'ae, la sivyo sindano itacheza. Weka mpira mpya chini ya kila kanda.

Vile vifilta vya plastiki vinavyoonyesha ndani, ambavyo siku hizi kila mtu anavifunga chini ya gari, vinasaidia kuona rangi ya mafuta. Kwenye upande wa kuvuta wa gari la mazutu, kikipata ufa mdogo kinaingiza hewa, na unarudi mwanzo. Kikiwekwa, kiwe pahali pasipopigwa na mawe.

Anza na lita 10 zilizochujwa. Acha gari lisimame, pitisha mkono mkavu kwenye kila kiungo, kisha bonyeza pampu ya mkono juu ya filta mpaka igumu kabisa na hewa itoke. Kama halijawaka, legeza kidogo nati za mabomba ya injekta, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka mazutu yatoke bila mapovu, ubane tena. Weka macho na uso mbali na mabomba hayo injini ikiwa inawaka. Mazutu yanatoka kwa shinikizo linaloweza kupenya ngozi.

Filta uliyoweka siku hiyo ni ya muda. Kwa tangi moja au mawili ya kwanza itakusanya mabaki ambayo hakuna kuosha kunakoyamaliza. Itoe, ikate, uisome kama ya kwanza. Ikiwa na vumbi kidogo tu, weka ya kudumu. Ikiwa nyekundu tena, kuna bomba hukulipuliza au tangi linaendelea kujila ndani.

Baadaye kazi ya kila wiki ni ndogo. Chini ya filta nyingi za mazutu kuna kizibo cha kumwagia maji, na taa ya filta ikiwaka kwenye dashibodi inakuambia kwamba maji yamefika juu. Usingoje taa. Fungua kila Jumapili gari likiwa halijawashwa, toa kidogo mpaka yatoke mazutu matupu, funga. Lala na tangi lililozidi nusu, kama mapato ya siku yanaruhusu. Najua shofere wengi wananunua lita tano tano na kurudisha gari jioni kwa mwenyewe likiwa karibu kukauka, na mpango huo kati ya shofere na mwenye gari unafaa ubadilike, kwa kuwa anayepata hasara ya hewa iliyomo tangini usiku ni mwenye gari. Ukinunua kwa kadafi, acha bidoni itulie usiku mzima, kisha mimina polepole na uache vidole viwili vya chini visiingie.

Mafuta machafu uliyoyatoa yasimwagwe mtaroni. Mitaro mingi ya mji huu inateremka ziwani, na watu wanachota maji huko. Yaweke kwenye bidoni iliyofungwa na kuandikwa, yatulie, ya juu yatafaa kuoshea vyuma, na tope la chini likabidhiwe garaji inayokusanya oili chakavu.